Kakanda Ipi, na ya Nani?

Laza mezani orodha mbili za migodi ya Katanga, ubavu kwa ubavu. Katika ya kwanza, Kakanda imeandikwa chini ya Likasi, mkoa wa Haut-Katanga. Katika ya pili, Kakanda imeandikwa chini ya teritwari ya Lubudi, mkoa wa Lualaba, ambao makao yake makuu ni Kolwezi. Kilima ni kilekile, shaba ni ileile, kobalti ni ileile. Hakuna aliyeubeba mgodi usiku akauhamishia kwingine. Na hakuna orodha iliyosema uongo.

Orodha ya kwanza inafuata hesabu za kampuni. Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya Wabelgiji, liligawa kazi zake katika makundi matatu: Kundi la Kusini lenye kitovu Lubumbashi, Kundi la Kati lenye kitovu Likasi, na Kundi la Magharibi lenye kitovu Kolwezi. Kakanda, pamoja na Kambove, ilikuwa ya Kundi la Kati. Kwa fundi aliyezeekea katika mitambo ya kusaga na kuchuja mawe ya pale, Kakanda ni ya Likasi, na hakuna mjadala. Orodha ya pili inafuata ramani ya serikali. Mwaka 2015 Katanga kubwa iligawanywa mikoa minne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na Lubudi ikaangukia Lualaba.

Ukitoka nje ya Kongo, mambo yanazidi. Nchini Nigeria, kandokando ya mto Niger karibu na Lokoja, wako watu waitwao Kakanda, wenye lugha yao iitwayo hivyohivyo. Hawana uhusiano wowote na kobalti.

Mtu akiuliza habari za Kakanda, jibu la busara ni swali: Kakanda ipi, na ya nani? Binadamu huuliza swali hilo bila kufikiri. Mashine haiulizi. Mashine ikiona herufi zilezile huchukulia kuwa ni kitu kilekile, na ikiona herufi tofauti huchukulia kuwa ni vitu viwili. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya watu waliotafuta namna ya kuziweka Kakanda zote katika karatasi moja bila kuifuta hata moja. Walikuwa mbali sana na Katanga. Lakini ni Katanga inayonisaidia kuelewa walichokifanya, kwa sababu hapa tumekwisha kujaribu njia nyingine zote.

Njia ya kwanza ni kufuta. Karne nyingi kabla ya Wazungu, mafundi wa nchi hii waliyeyusha malakiti wakamimina shaba katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatembea mbali kama fedha. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita akiandika habari za mawe, na mnamo tarehe 28 Oktoba 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mji uliokua kando ya mgodi wa Likasi ukapewa jina la mtu: Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi aliyepanda hadi kuongoza Société Générale ya Ubelgiji. Mgodi ukabaki Likasi, mji ukawa Jadotville. Mwaka 1966, Léopoldville ilipogeuzwa Kinshasa na Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville nayo ilirudishiwa jina la Likasi.

Kufuta huko kuliacha nyaraka yatima. Septemba 1961, wanajeshi wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa, kombania moja chini ya Pat Quinlan, walizingirwa hapa wakapigana kuanzia tarehe 13 hadi 17, mpaka risasi na maji vilipowaishia wakajisalimisha. Katika kumbukumbu zao zote pameandikwa Jadotville. Mjukuu wa mmoja wa askari wale akitafuta mahali babu yake alipopigana, ramani ya leo haimwonyeshi. Na kijana wa Likasi anayetafuta historia ya mtaa wake hana sababu ya kuandika neno Jadotville, kwa hiyo karatasi zile hazimjii. Mahali ni pamoja, ila majina mawili yamejenga ukuta kati ya watu wanaozungumzia kitu kimoja.

Mkoa wenyewe uliyaona zaidi. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire, na baada ya hapo Katanga ikaitwa Shaba, neno letu wenyewe la Kiswahili. Vita vya 1977 na 1978 vimeandikwa vitabuni kama vita vya Shaba. Mwaka 1997 Katanga ikarudi. Watu nao hawakuachwa. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku katika karatasi za serikali, na rais mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kuna wazee wenye jina moja katika cheti cha ubatizo, jingine katika kitambulisho cha Zaire, na nambari tu katika daftari la kampuni. Mzee ni mmoja. Ofisi ikishika daftari moja tu kati ya hayo, inamwona theluthi yake.

Nadhani kufuta ni njia mbaya kuliko zote, hata jina linalofutwa linapokuwa la dhuluma. Jina likifutwa, yaliyoandikwa chini yake hayafutiki. Yanapotea tu.

Wataalamu wa madini walikuwa na shida hiyohiyo kwa sura nyingine, na wao walichagua njia ya baraza. Mgodi wa Mindigi, hapa hapa Katanga, ulitoa jiwe jeusi la kobalti. Mwaka 1929 lilipewa jina stainierite, kwa heshima ya mwanajiolojia Xavier Stainier. Mwaka 1934 jiwe la Mindigi likapewa jina mindigite. Mwaka uliofuata likazaliwa jina trieuite. Kumbe yote matatu yalikuwa madini yaleyale ambayo Mjerumani August Frenzel alikuwa ameyaita heterogenite mwaka 1872, huko Schneeberg. Leo heterogenite ndiyo inayojaza magunia ya kobalti Katanga nzima, na majina mengine matatu yamebaki katika orodha za visawe. Kuanzia 1959, Jumuiya ya Kimataifa ya Madini ina kamati inayopima kila jina jipya kabla halijakubaliwa. Njia hiyo inafaa kwa mawe, kwa sababu aina za mawe zinahesabika katika maelfu machache na wanaoyapa majina wanajuana.

Je, maneno ya kila ofisi duniani, kila hospitali, kila bandari, kila maktaba? Hakuna kamati inayoweza kukaa chini ikaidhinisha hayo yote.

Turudi kidogo nyuma. Mwaka 1986 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango nambari 8879, kiitwacho SGML, ambacho nyuma yake alikuwepo Charles Goldfarb, mwanasheria aliyefanya kazi IBM. Kilikuwa kiwango cha kuweka alama katika maandishi ili mashine ijue kichwa ni kipi, aya ni ipi na tanbihi ni ipi. Kila aina ya waraka ilikuwa na sarufi yake moja iliyoitwa DTD, na alama zote za waraka zilitoka katika sarufi hiyo. Ilikuwa nyumba moja yenye baba mmoja. Majina hayagongani katika nyumba kama hiyo, kwa sababu anayetoa majina ni mmoja.

Mwaka 1996 kikundi kilichoongozwa na Jon Bosak wa kampuni ya Sun Microsystems kilianza kukipunguza uzito kiwango hicho ili kiende na wavuti. Tarehe 10 Februari 1998 shirika la viwango vya wavuti, W3C, likatoa XML 1.0. Wahariri wake walikuwa Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen. Jina XML lenyewe lilipendekezwa na James Clark, Mwingereza aliyehamia Thailand. Uzuri wa XML ulikuwa uhuru: yeyote aweza kubuni tagi, yaani alama, zake mwenyewe. Mtu wa migodi abuni kibali na tani. Mtu wa ramani abuni nukta na mpaka. Mtu wa maktaba abuni kichwa na mwandishi.

Na wote watatu wabuni jina.

Hapo neema ikazaa taabu. Watu hawakutaka tu kuandika kila mmoja faili lake, walitaka kuchanganya. Faili la kibali cha mgodi linahitaji ramani ndani yake, na ramani inahitaji habari za aliyeichora. Mashine inafungua faili inakuta jina mara tatu: la mgodi, la nukta kwenye ramani, la waraka. Ikiombwa itoe jina, itoe lipi?

Wahariri wa jibu walikuwa Tim Bray, safari hii pamoja na Dave Hollander wa Hewlett-Packard na Andrew Layman wa Microsoft. Bray alikuwa amefanya kazi miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kwenye mradi wa kuiingiza kamusi kubwa ya Oxford katika kompyuta. Mtu aliyeishi ndani ya kamusi anajua kwamba neno moja laweza kuwa na ukurasa mzima wa maana. Tarehe 14 Januari 1999 pendekezo lao likapitishwa. Liliweka kitu ambacho kwa Kiswahili nitakiita eneo la majina.

Wazo lenyewe ni hili. Usimlazimishe mtu yeyote kubadili jina, na usiunde baraza. Mwambie kila mmoja atangaze nyumba yake, halafu jina kamili liwe ni nyumba pamoja na jina. Lakini nyumba nazo zikipewa majina kiholela zitagongana vilevile. Kwa hiyo wakaazima umiliki uliokuwapo tayari. Anwani za wavuti zilikuwa zimekwisha kugawiwa, na kila moja ina mwenyewe. Shirika la OGC, linalosimamia viwango vya ramani, lilikuwa linamiliki opengis.net, na hakuna mwingine aliyeweza kuitumia. Basi nyumba ya majina ya ramani ikaitwa http://www.opengis.net/gml. Nukta ya OGC sasa haiwezi kuchanganywa na nukta ya mtu mwingine yeyote chini ya jua.

Anwani ni ndefu, haiwezekani kuirudia kwenye kila tagi. Kwa hiyo juu ya faili mwandishi anatangaza kifupisho kwa neno xmlns: hapa gml maana yake ni anwani ile. Baada ya hapo anaandika gml:name, na mashine inapanua. James Clark alikuwa na namna yake ya kuonyesha upanuzi huo: anwani nzima ndani ya mabano ya mawimbi, halafu jina. Mashine haibaki na gml hata kidogo. Inabaki na anwani na jina tu.

Kifupisho hicho kinaitwa kiambishi awali, na hapa msemaji wa Kiswahili lazima ajihadhari, kwa sababu lugha yetu inaishi kwa viambishi. Mtu, kitu, utu, jitu: badili kiambishi umebadili kila kitu. Muluba ni mtu, Kiluba ni lugha, Baluba ni watu. Kwa mazoea hayo tunasoma gml:name tukidhani gml imebeba maana. Haikubeba. Ungeweza kuandika ramani:name, au hata k:name, na mradi anwani iliyotangazwa ni ileile, kwa mashine ni jina lilelile. Na faili mbili zaweza kutumia kiambishi kimoja kwa nyumba mbili tofauti, na mashine isichanganyikiwe.

Mfano bora ninaoujua wa jambo hili uko katika historia yetu. Mwaka 1960 zilizaliwa jamhuri mbili zenye jina moja: Kongo iliyopata uhuru tarehe 30 Juni na Kongo iliyopata uhuru tarehe 15 Agosti, zikitazamana ng'ambo na ng'ambo za mto. Zote mbili Jamhuri ya Kongo. Hakuna iliyokubali kuacha jina. Dunia ikaongeza mji mkuu: Congo-Léopoldville na Congo-Brazzaville. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, na Congo-Léopoldville ikawa Congo-Kinshasa. Kiambishi kilibadilika siku moja. Nchi haikubadilika, ardhi haikusogea, na aliyekuwa raia alibaki raia.

Mambo mawili katika pendekezo la 1999 yamewatesa watu mpaka leo. La kwanza ni kwamba anwani ile si mlango. Watu wanaona http wanaifungua, wanatarajia kukuta kitu. Huenda kuna ukurasa, huenda hakuna, na mashine haijali, kwa sababu anwani inatumika kama jina na jina halitembelewi. Mashine inalinganisha herufi kwa herufi, basi. Mkwaju mmoja mwishoni, http ikiandikwa https, herufi kubwa mahali pa ndogo, na umejenga nyumba nyingine kabisa ambayo hakuna anayeijua. Programu nyingi hazikuelewa tofauti ya jina na mlango hata katika mambo jirani ya DTD: mwaka 2008 W3C ilieleza kwamba seva zake zilikuwa zinapata maombi hadi milioni 130 kwa siku ya faili ambazo hazijabadilika kwa miaka.

Fikiria kikoa cha .zr, kilichokuwa cha Zaire. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997 ilipewa .cd, na .zr ikaondolewa mwaka 2001. Kama ofisi fulani ingetangaza nyumba ya majina chini ya .zr, nyumba hiyo ingeendelea kufanya kazi katika kila faili hadi leo. Mlango haupo, jina lipo. Wahariri wale walifanya jambo ambalo serikali zetu hazikulifanya: waliruhusu jina la zamani libaki kweli katika karatasi za zamani.

La pili ni sifa, yaani maelezo madogo yanayoandikwa ndani ya tagi yenyewe. Elementi, yaani tagi pamoja na kilichomo, ikiwa haina kiambishi inaweza kuchukua nyumba ya msingi iliyotangazwa juu yake. Sifa iliyo ndani ya tagi haichukui. Sifa isiyo na kiambishi haina nyumba, ni ya tagi iliyoishika, kama mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama: huulizi anakaa wapi, unamwuliza mama.

Hapo katikati nataka kusimama kidogo kwa ajili ya Dublin. Seti mashuhuri kuliko zote ya majina ya kueleza nyaraka, yaani kichwa, mwandishi, tarehe na kadhalika, inaitwa Dublin Core. Wengi wanadhani imetoka Ireland, nchi ya wale askari wa Jadotville. Haikutoka huko. Imetoka katika mkutano wa 1995 uliofanyika Dublin ya jimbo la Ohio, Marekani. Watu waliokutana kutengeneza majina yasiyochanganya waliipa kazi yao jina linalochanganya kuliko yote. Nyumba yake, http://purl.org/dc/elements/1.1/, haina utata wowote, na ndiyo maana mashine inajua kilichomshinda msomaji.

Sasa tufike kwenye skima nyingi, yaani faili za sheria zinazoeleza majina yatumikeje, kwa sababu eneo la majina linasema tu jina ni la nani. Halisemi kama limetumika sawasawa. DTD za zamani hazikuweza kusaidia: zilizaliwa kabla ya viambishi, na kwao gml:name ni herufi nane tu zilizofuatana. Ukibadili kiambishi, DTD inakataa faili lililo sahihi kabisa. Tarehe 2 Mei 2001 W3C ikatoa XML Schema, na humo sheria ikawa kila skima itangaze nyumba moja inayoitungia sheria, au isitangaze yoyote. Nyumba mbili, skima mbili. Huwezi kumtungia jirani sheria za nyumbani kwake.

Chukua faili la mfano la kibali cha kuchimba. Sheria ya madini ya Kongo ya tarehe 11 Julai 2002 inapima vibali kwa viraba, kiraba kimoja kikiwa na hekta 84.955. Skima yetu ya vibali itakuwa na nyumba yake, tuseme urn:mfano:kibali, na humo itaweka jina, mwenye kibali na idadi ya viraba. Mahali ulipo mgodi haitaweka yenyewe. Itasema: kwa mahali, naleta nyumba ya OGC. Kitendo hicho kinaitwa import. Habari za waraka zitaletwa kutoka Dublin Core kwa import nyingine. Na kama skima ya vibali imekuwa ndefu ikakatwa vipande viwili vya nyumba ileile, kipande kinaunganishwa kwa include. Import ni kumwalika jirani, include ni kumwita ndugu aliye chumba cha pili.

Mwaliko hauendi mbali. Skima nyingine, tuseme ya shehena, ikileta skima ya vibali, na skima ya vibali ikawa imeleta ya ramani, bado ya shehena haina ruhusa ya kuitaja nukta mpaka ilete ramani yenyewe. Rafiki wa rafiki hajawa rafiki. Pia skima inapoleta nyumba nyingine, inaweza kudokeza faili la sheria za nyumba hiyo liko wapi, lakini dokezo si amri. Programu inaruhusiwa kutumia nakala iliyo nayo kwenye diski. Penye mtandao wa kusuasua hiyo ni rehema kubwa: weka nakala za skima zote kwenye mashine, na kazi haitasimama.

Kuna skima isiyo na nyumba. Ikiitwa kwa include ndani ya nyumba fulani, inavaa nyumba hiyo. Wataalamu wanaiita kinyonga, na neno limewaangukia vizuri. Ni rahisi sana kwa vitu vidogo vya pamoja kama tarehe na vipimo. Ila mimi siipendi. Kinyonga akiingia nyumba tatu, una vipimo vitatu visivyojuana, ingawa sheria yake iliandikwa mara moja tu.

Kuna swichi moja iliyoponza watu wengi kuliko zote, elementFormDefault. Isipowekwa, skima inachukulia kwamba elementi kubwa tu, zile zilizotangazwa nje, ndizo zenye nyumba. Zilizotangazwa ndani yake hazina. Mwandishi wa faili anatangaza nyumba ya msingi juu, akidhani kila kilicho ndani kimo. Mashine inamwambia: kibali nakijua, viraba hivi sivijui. Anaangalia tahajia mara kumi. Tahajia ni sahihi. Kosa ni kwamba watoto wametafutwa katika nyumba ambayo skima haikuwasajilia. Dawa ni neno moja, qualified, juu kabisa ya skima, na nyumba nzima inapata anwani. Ningependa kila anayefundisha kazi hii aanze na neno hilo kabla ya mengine yote.

Matoleo nayo yalileta swali la zamani kwa nguo mpya. Skima ikibadilika, je, nyumba ibadilike jina? W3C ilipotoa XML Schema 1.1 mwaka 2012, iliiacha nyumba vilevile, na mwaka 2001 bado umo katika anwani yake. OGC walifanya vingine. GML hadi toleo 3.1 ilikaa katika http://www.opengis.net/gml. GML 3.2, ambayo pia ilikuwa kiwango cha ISO 19136 mwaka 2007, ilihamia http://www.opengis.net/gml/3.2. Nukta ileile, mahali palepale, na programu iliyoandikwa kwa nyumba ya zamani inaipita kana kwamba haipo. Ndiyo Jadotville na Likasi. Lakini kuna tofauti moja: faili za zamani hazikuguswa, nyumba zote mbili zinaweza kukaa katika faili moja, na mtu anaweza kuandika daraja dogo la kugeuza moja kuwa nyingine bila kupoteza hata nukta.

Basi turudi kwenye orodha zetu mbili. Faili linaanza kwa kutangaza nyumba: ya kampuni, ya serikali, ya ramani. Chini yake mgodi mmoja. Katika nyumba ya kampuni, jina ni Kakanda na kundi ni la Kati, Likasi. Katika nyumba ya serikali, jina ni Kakanda, teritwari ni Lubudi, mkoa ni Lualaba. Katika nyumba ya ramani, gml:name ni Kakanda, ikifuatwa na namba mbili za mahali. Neno Kakanda limeandikwa mara tatu, na skima tatu zimelikagua kila moja kwa sheria zake. Anayeuliza hesabu za kodi za mkoa anapewa Lualaba. Mzee anayetafuta kumbukumbu za miaka yake ya kazi anapewa Likasi.